Mazoezi Mtandaoni kwa Wanachuo: Vidokezo 13 vya Kuyapanga Pamoja Nao

Karibu kila chuo kina kundi la WhatsApp la mazoezi lililokwisha kufa. Jina lake lina neno "Fiti", picha ya wasifu ni ya jamaa mwenye kifua cha chuma, na ujumbe wa mwisho kabisa ni tangazo la mtu anayeuza godoro. Aliyelianzisha hakuwa mvivu. Alirekodi video, akapanga ratiba ya wiki nane, akaweka na picha za kabla na baada. Kasoro yake ni moja tu: ratiba yote aliipanga peke yake, kisha akawaita watu waje kuifuata.

Vidokezo hivi ni vya yeyote anayetaka kujaribu tena, awe mshauri wa wanafunzi, waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, kijana wa kompyuta anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho, au CR (mwakilishi wa darasa) aliyechoka kuona wenzake wakilalamikia migongo. Mifano mingi ni ya vyuo vya Tanzania kwa kuwa ndivyo ninavyovifahamu, ila aliye Nairobi au Kampala hatapata shida kuhamisha majina.

1. Uliza ya jana, usiulize ya kesho

Mwulize mwanachuo yeyote kama angependa kufanya mazoezi, naye atasema ndiyo. Ni adabu tu. Hakuna anayemkatalia mtu aliyeshika dodoso, hasa dodoso lenyewe likitoka kwa mhadhiri. Utapata asilimia tamu za kuweka kwenye andiko la kuombea fedha, na hazitakusaidia chochote siku ya uzinduzi.

Uliza hivi: "Jana saa kumi na moja jioni ulikuwa wapi? Ulikuwa na nani? Simu ilikuwa na chaji? Mara ya mwisho ulikuwa umekula saa ngapi?" Hapo ndipo utasikia mambo. Mmoja alikuwa kwenye diskasheni mpaka giza likaingia. Mwingine alikuwa amesimama kwenye daladala akirudi hosteli ya Mabibo. Wa tatu alikuwa akipandisha ndoo ya maji ghorofa ya tatu kwa sababu bomba la juu lilikauka. Huyu wa ndoo miguu yake inafanya kazi ya kutosha. Kinachomuuma ni shingo na mabega yaliyopinda kwa kuinamia simu, na ukimletea skwati hamsini atakuona hujamsikiliza.

Wanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanapanda na kushuka kilima kila siku kati ya hosteli, maktaba na kumbi za Yombo. Wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho majengo yake yametawanyika kwenye eneo kubwa, wanatembea mwendo ambao mwanachuo wa kwingine angeuita safari. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya kijana wa Boston anayeendesha gari kwenda darasani inaanza na matembezi. Kwa hawa, kuanza na matembezi ni kuwaongezea kazi wanayoifanya tayari.

2. Pima chumba kabla ya kupima misuli

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nenda hosteli, ukiwa na ruhusa, uone nafasi iliyopo. Hosteli za Magufuli pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilifunguliwa mwaka 2017 zikiwa na nafasi ya wanafunzi 3,840, na bado wapo wanaokosa chumba. Kwingine kuna kubebana: chumba kimepangiwa wanne, wanalala sita. Kati ya vitanda viwili vya deka kuna njia ya mtu mmoja, na njia hiyo ina viatu, jiko dogo lisilotakiwa kuonekana na begi la mtu aliyekuja "kwa siku mbili".

Kipimo kizuri ni kanga moja. Itandike sakafuni, ina upana wa kama sentimita 110 na urefu wa kama 150. Zoezi lisiloweza kufanyika juu yake, au kwa kuzidi kidogo tu, liondoe kwenye orodha ya chumbani ulipeleke kwenye orodha ya uwanjani. Pushapu za ukutani zinabaki, skwati zinabaki, na kusimama kwa mguu mmoja huku unapiga mswaki kunabaki. Kuruka kichurachura kunaondoka, kwa sababu anayekaa chumba cha chini naye ana mtihani kesho.

Waachie wanafunzi kazi ya kuchuja. Waambie wapige picha sakafu waliyonayo (sakafu tu, si chumba kizima) na waandike mazoezi gani yanaingia. Utashangaa ubunifu wao. Ngazi za deka, ndoo yenye maji nusu na begi lililojaa vitabu vyote vina kazi.

3. Bando lihesabiwe kama pushapu

Video ya nusu saa kwa ubora wa kawaida inaweza kumeza MB 200 na zaidi. Mtu aliyenunua kifurushi cha siku hatakitumia kwa pushapu akiwa bado hajapakua mihadhara. Ujumbe wa sauti wa dakika tano kwenye WhatsApp haufiki hata MB 2. Kwa hiyo anza na sauti na picha za mnato, halafu video fupi ya sekunde 20 kwa kila zoezi jipya, ya kutazamwa mara moja na kuhifadhiwa.

Simu nazo zimejaa. Ukimwambia mtu apakue aplikesheni mpya, swali atakalojiuliza ni picha gani azifute. Kama huduma yako inaweza kukaa ndani ya kitu kilichopo tayari kwenye simu yake, iache ikae humo.

4. Mwite asiyependa mazoezi

Ukibandika tangazo la "tunataka maoni yenu kuhusu mazoezi", watakaokuja ni timu ya mpira, kijana wa karate na yule dada anayekimbia alfajiri. Ni watu wazuri, lakini watafanya mazoezi hata ukiwafungia mtandao.

Unaowahitaji hawaji wenyewe. Ni yule aliyekimbia mchakamchaka wa shule kwa kulazimishwa na akaapa kwamba hatarudia, na yule aliyetoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) akiamini kwamba mazoezi ni adhabu, kwa kuwa kila alipokosea aliambiwa apige pushapu. Mama wa miaka arobaini anayesoma Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992, naye yumo: ana kazi, ana watoto, na "hosteli" yake ni sebule ambayo taarifa ya habari inatazamwa saa mbili usiku. Usimsahau mwanafunzi anayetembea kwa magongo wala asiyeona. Ukimsikiliza asiyeona mapema utagundua kwamba maelekezo yako yote ni "fanyeni hivi", bila kusema mkono gani, unaelekea wapi, mpaka usawa wa nini. Ukiyarekebisha kwa ajili yake, anayesikiliza sauti bila video naye atanufaika.

Wafuate waliko, kupitia CR, mhudumu wa kafeteria, kiongozi wa kwaya au wa jumuiya ya msikitini. Watu wanane wa namna hii watakufundisha zaidi ya dodoso la mia tano.

5. Karatasi kwanza, kompyuta baadaye

Wataalamu wa Skandinavia walishapita njia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kristen Nygaard wa Norway alikaa na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wafanyakazi wenyewe wawe na sauti kuhusu kompyuta zilizokuwa zikiingia viwandani. Mwaka 1981 ukaanza mradi wa UTOPIA, ambamo wachapaji wa magazeti walikaa na watafiti wakijaribu mitambo ambayo bado haikuwepo, kwa kutumia vielelezo vya mbao na makaratasi. Mchapaji aliyeona aibu kumwambia mhandisi kwamba kompyuta yake haifai hakuona aibu kulisogeza boksi la kielelezo.

Fanya vivyo hivyo. Chora skrini tano kwenye karatasi za A4: ya kufungulia, ya kuchagua zoezi, ya kufanya, ya kumaliza, na ya siku uliyokosa. Wape wanafunzi kalamu nyekundu wakate wasichokitaka. Mtu hukata karatasi bila huruma, lakini ukimwonyesha aplikesheni iliyokamilika, yenye rangi na nembo, atasema "iko poa" ili usiumie.

6. Mpe simu, kisha nyamaza

Hiki ndicho kidokezo kigumu kuliko vyote, hasa kwa walimu. Mpe mtu simu, mwambie "fanya zoezi la leo", halafu kaa kando. Usimwelekeze wala usiseme "hapana, bonyeza hapo juu". Tazama kidole chake kinapositasita. Tazama anapoweka simu: wengi huiegemeza kwenye chupa ya maji, inaanguka, wanaishika mkononi, na zoezi la mikono miwili linaishia hapo. Tazama jasho linapodondokea kioo na kitufe cha "endelea" kikakataa kuitika. Hakuna atakayekuandikia haya kwenye fomu.

Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano tu wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya matumizi, takriban asilimia 85 kwa hesabu yake. Wapo waliobishana naye kuhusu tarakimu hiyo. Hata hivyo ushauri wake wa kujaribu na watu wachache, kurekebisha, kisha kujaribu na wachache wengine unamfaa sana mwenye bajeti ya soda na maandazi.

7. Usiwatishe kwa dakika 150

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mwaka 2024 shirika hilo likaeleza kwamba asilimia 31 ya watu wazima duniani, takriban bilioni 1.8, hawakufikia kiwango hicho mwaka 2022. Ukiandika hayo kwenye ukurasa wa kwanza, mwanafunzi mwenye vipindi kuanzia saa moja asubuhi anafunga na kuondoka.

Habari njema ni kwamba mwongozo huohuo uliacha sharti la zamani la kuhesabu vipande vya dakika kumi na kuendelea. Dakika tatu ni dakika tatu. Waulize wanafunzi vipande hivyo vinaweza kujificha wapi katika siku yao: wakimsubiri mhadhiri aliyechelewa, foleni ya kafeteria, dakika kabla ya kuoga. Acha wao wavipe majina. Wakikiita kimoja "Dakika za Foleni", kitadumu kuliko "Moduli ya Pili".

Hatua 10,000 kwa siku nazo usizifanye dini. Idadi hiyo ilipata umaarufu kupitia kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, na ilikuwa mbinu ya soko kabla ya kuwa jambo la kitabibu. Nayo "tabata" iliyojaa mitandaoni, sekunde 20 za kazi na 10 za kupumzika mara nane, ilipata jina kutokana na utafiti wa Izumi Tabata wa mwaka 1996, uliofanywa kwa baiskeli za maabara na vijana wanaosomea michezo, kwa nguvu za kuishiwa pumzi kabisa. Kumpa mwanafunzi wa uhasibu aliyekaa miaka miwili bila kukimbia ni kumkaribisha mlangoni na kumfukuza hapohapo.

8. Ukali wa mazoezi ufuate sahani

Mtaalamu wa nje hawezi kukiona hiki mpaka aambiwe. Bumu (fedha za mkopo za kujikimu) likichelewa watu wanapiga pasi ndefu: chai ya saa nne, kisha hakuna kitu mpaka usiku. Mtu huyo ukimwamuru aruke kamba dakika ishirini saa kumi jioni ataona nyota.

Kwa hiyo kila siku iwe na ngazi tatu, yaani nyepesi, ya wastani na nzito, na mwanafunzi achague bila kuulizwa kwa nini. Kipimo cha kujua uko wapi hakihitaji saa ya kielektroniki. Ukiweza kuimba, ni nyepesi. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, ni ya wastani. Ukitoa maneno mawili matatu halafu unatafuta hewa, ni nzito. Ngazi nyepesi isipewe jina la kudharau. Nimeona mahali ikiitwa "ya wavivu", na hakuna aliyeibonyeza.

Lugha ya mwili nayo iulizwe kwa wenyewe. "Kukata kitambi" na "kutengeneza shepu" vinauza sana mitandaoni, lakini ukikaa na wasichana wa mwaka wa kwanza faragha utasikia maneno hayo yanavyowauma. Picha za kabla na baada ziache. Wengi wakiulizwa wanataka nini, wanataja usingizi, mgongo na msongo wa mitihani kabla ya umbo.

9. Fuata kalenda ya chuo, si ya Januari hadi Desemba

Wiki ya test watu wanapotea. UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, ikianza wanapotea zaidi, na mwenye hofu ya sapu (kurudia mtihani) au kudisko (kuondolewa chuoni) hana habari na planki yako. Halafu inakuja likizo, yanakuja mafunzo ya vitendo mikoani, unakuja mwezi wa Ramadhani ambapo saa ya mazoezi inahamia kabla kidogo ya futari au baada ya tarawehe. Ukiyaweka haya yote kwenye karatasi moja utaona kwamba muhula una wiki chache tu za kawaida. Zilizobaki ndizo zinazohitaji akili.

Kwa wiki za mtihani weka toleo la dakika nne, bila kuhesabu pointi. Kutokuonekana kusiadhibiwe. Aplikesheni nyingi zina mchezo wa kuhesabu siku mfululizo, ukikosa moja unarudi sifuri, na mtu aliyerudi sifuri mara mbili huwa harudi tena. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kwa watu 96, waliona kwamba tabia mpya ilichukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, huku baadhi ya watu wakichukua 18 na wengine wakikadiriwa kufika 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Waandikie wanafunzi jambo hilo kwa herufi kubwa kwenye skrini ya siku waliyokosa.

10. Sauti ibebe kazi

Kizazi chote cha shule za Tanzania kinajua kukimbia kwa kuitikiana. Mchakamchaka una kiongozi na waitikiaji, una hatua, na una utani. Hiyo ni teknolojia tayari. Rekodi sauti ya mwanafunzi mwenye kipaji cha kuongoza, ahesabu kwa Kiswahili chake cha kawaida, akosee, acheke, aendelee. "Shuka... hapohapo... usiniangalie mimi, shuka... panda!" inafanya kazi kuliko sauti ya studio iliyosafishwa.

Muziki wachague wao, ila wewe shika kasi. Singeli inapita midundo 200 kwa dakika. Ni raha kucheza, lakini skwati kwa kasi hiyo ni kuyatafutia magoti mgogoro. Singeli iwe ya kurukaruka mwishoni, na taarabu au bongo fleva ya taratibu iwe ya kunyoosha viungo.

11. Kamera iwe hiari, na taarifa ziwe chache

Vipindi vya moja kwa moja vyenye sharti la "washa kamera tukuone" vimefukuza watu wengi. Yupo anayejistiri na hataki kuonekana bila hijabu, yupo ambaye mwenzake amelala nyuma yake, na yupo ambaye ana fulana moja tu ya mazoezi. Waulize wanawake wakiwa peke yao kama wanataka kundi lao lenye kiongozi mwanamke. Mara nyingi jibu ni ndiyo, na hawatalisema mbele ya wavulana.

Uzito, mzunguko wa hedhi na mahali mtu alipo usivikusanye kama huna kazi navyo, na kwa kawaida huna. Ramani ya joto iliyochapishwa na Strava mwishoni mwa 2017 ilionyesha njia za wakimbiaji duniani, na Januari 2018 watu wakagundua kwamba imeanika kambi za kijeshi. Kama wanajeshi walionekana, msichana anayekimbia peke yake nyuma ya hosteli saa kumi na moja alfajiri ataonekana pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya 2019. Mradi wa wanafunzi hausamehewi kwa kuwa ni wa wanafunzi.

Taarifa ya afya ya lazima ni maswali machache ya kujijibu mwenyewe kabla ya kuanza: je, umewahi kupata maumivu ya kifua ukijishughulisha, kuzimia au kizunguzungu, tatizo la moyo, pumu, mfupa au kiungo kinachouma? Kwetu ongeza sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, na mtu anayeishi nao akijichosha mno bila maji anaweza kuchokoza maumivu makali. Anayejibu ndiyo aelekezwe kwenye zahanati ya chuo kwanza, na mlango ubaki wazi arudi na ngazi nyepesi.

12. Rudisha majibu, na lipa

Ukichukua maoni ya watu ukanyamaza, umewafundisha kutotoa tena. Kila baada ya wiki mbili bandika mistari mitatu: mlisema hivi, tumebadilisha hivi, hili tumeshindwa kwa sababu hii. Huo mstari wa tatu ndio unaojenga imani.

Aliyeondoka mtumie swali moja la kujibu kwa namba: (1) muda, (2) bando, (3) ni gumu, (4) linachosha, (5) nililala. La tano litachekesha, na litachaguliwa kweli.

Na tafadhali, walipwe. Mwanafunzi aliyekupa saa mbili za kukata karatasi zako amekufanyia kazi. Kama huna fedha taslimu, mpe bando na chakula, na jina lake liandikwe penye majina ya watengenezaji, si kwenye "shukrani kwa wote". Ukiweza, wape pia kura. Wanafunzi watano wenye mamlaka ya kufuta zoezi bila kukuomba ruhusa watakufaa kuliko hamsini wanaoombwa maoni.

13. Panga atakayebaki

Mwenye namba ya msimamizi wa kundi akihitimu mwezi wa kumi na moja, kundi linahitimu naye. WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024 kwenye kundi moja, lakini wagawe katika vikundi vya watu kumi na tano hivi kwa kila bloku au kozi. Kila kikundi kiwe na wasimamizi watatu wa miaka tofauti, mmoja wao awe wa mwaka wa kwanza. Nywila, rekodi za sauti na michoro viwekwe mahali ambapo ofisi ya mshauri wa wanafunzi inaweza kuvifikia.

Jambo la mwisho ni la fedha. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na mapendekezo ya vyuo vya umma huandaliwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Ukitaka mistari miwili ya bando na posho za viongozi iingie kwenye bajeti ya michezo, kamilisha majaribio yako ya karatasi muhula wa kwanza na upeleke matokeo ofisini kabla ya Pasaka. Ukichelewa, utaambiwa usubiri mwaka mwingine, na wanafunzi uliowafundisha nusu yao watakuwa wameshavaa joho.